Mlio katika Motokaa ya Kale

Motokaa tuliyoachiwa na marehemu baba mkubwa ni Volkswagen ya mwaka 1965, ile yenye umbo la kobe. Kwa majuma matatu ililia kacha-kacha kila tulipopita penye mashimo, na penye njia nzuri ikanyamaza. Mwanangu wa pili aliniambia, “Baba, inalia chini yangu.” Nami nikamwamuru anyamaze, nipate kuisikiliza injini.

Basi, wasomaji, injini ya motokaa hizi huwa nyuma, nayo hupozwa kwa upepo, si kwa maji. Nalikaza bomba la moshi, nikakaza kila parafujo niliyoiona, haikufaa. Fundi mmoja alitaka fedha ya shokomzoba mpya. Sikumpa, wala sijui kama nalitenda kwa hekima au kwa umaskini.

Jumamosi nalimpa mama watoto usukani, nikainama nyuma pale akaapo mtoto. Mlio ulikuwa papo hapo. Nikainua kiti. Chini yake ndipo betri hukaa. Mkanda wake ulikuwa umefunguka, nayo ikirukaruka, wala haina kifuniko. Springi za kiti zilikuwa na doa jeusi la kuungua. Chuma kile kikigusa kichwa cha betri na bodi kwa pamoja, umeme hupita, springi hupata moto hata kuwa nyekundu, na nyuzi kavu za kiti huwaka upesi.

Nikaukaza mkanda, nikatia kifuniko cha mpira. Kisha nikamwita mwanangu, nikamwonyesha lile doa, nikamwomba radhi. Kesho yake mama yao alisema twende kwa shangazi kwa miguu, nami sikubishana naye.