Waliopita Rusumo

Mpwa wangu Baraka,

Barua yako nimeisoma, na mama yako akanisomea tena ile sehemu yenye hasira, utadhani mimi ni kiziwi. Unasema tangu upangiwe Uhamiaji huko Kigoma umechoka na habari za bunduki na utekaji, na dawa ni kuwarudisha Warundi wote kwao. Hizo bunduki si hadithi. Sisi wa Ngara hatuhitaji kuelezwa.

Mwisho wa Aprili 1994, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kuja kwetu. Askari wetu waliwanyang'anya panga pale pale mpakani, zikarundikana. Wenye panga wakapita. (Siwalaumu, umati ule ungemshinda yeyote.) Kati ya waliokimbilia kwetu alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa komuni ya Rusumo ya ng'ambo, Rwanda, aliyeongoza mauaji ya kimbari kanisani Nyarubuye. Kambini kwetu Benaco alikuwa mkimbizi kama wajane na watoto.

Desemba 1996 serikali ikachoka kama ulivyochoka wewe, ikaamuru Wanyarwanda wote warudi. Wakaondoka kwa malaki, akina mama na mizigo kichwani. Na Gacumbitsi? Alikamatwa 2001, kambini Mukugwa, mkoa huo huo uliko wewe. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda, kule Arusha, ikamtia hatiani, na 2006 rufaa ikamfunga maisha. Fagio lile lilizoa wengi, yeye likamkosa. Alipatikana kwa kutafutwa kwa jina lake.

Usisahau pia Warundi waliokimbilia kwetu 1972, wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walilima, wakalipa kodi, na kufikia 2014 zaidi ya 160,000 kati yao walikuwa wamepewa uraia. Usalama wa nchi haukuanguka.

Kwa hiyo ukikaa kwenye meza ya kuwahoji wakimbizi, usiridhike na orodha ya viongozi wa kambi. Mwanamke aulizwe na mwanamke, faraghani, kwa mkalimani asiyemwogopa. Bunduki ikilala kambini, yeye ndiye wa kwanza kuelekezewa, na mara nyingi anamjua mwenye bunduki. Akikutajia jina, lifuatilie hadi mwisho, na jina la mtoa habari lisitoke mezani kwako.

Mama yako anauliza likizo ni lini. Dagaa usisahau.

Mjomba wako,
Ngara