Yusuf wa Peponi na mtoto wa dukani kwetu



Tumekuwa kimya kidogo. Msimu wa harusi umetukalia, na sisi ndugu wawili wenye cherehani mbili usingizi tunauona kwa wenzetu. Lakini Jumamosi moja tulifunga duka tukenda maktaba, kwenye kikundi chetu cha kusoma, na ya siku ile hayajatutoka.

Kitabu kilikuwa Peponi cha Mzanzibari mwenzetu Abdulrazak Gurnah, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa Kiingereza kilitoka 1994. Ida Hadjivayanis akakifasiri, kikatoka kwa Kiswahili 2022. Sisi tulioishia kidato cha nne na kozi ya ushoni tunamwombea dua njema.

Hadithi ni ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, zama za Mjerumani. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri Aziz, ambaye anamjua kuwa ni ami yake. Anafika pwani, anawekwa dukani, na kijana anayemkuta pale, Khalil, ndiye anayemfungua macho: huyu si ami yako. Baba yako anadaiwa, na wewe ni rehani.

Aliyesoma chuoni ataona mapema: Yusuf, Aziz, na bibi wa nyumba jina lake Zulekha. Ni kisa cha Nabii Yusuf kilichopinduliwa. Kwenye Sura, ndugu ndio wanaomtupa kisimani, na baba yake, Nabii Yaaqub, anahuzunika mpaka macho yanageuka meupe. Humu baba mwenyewe ndiye anayemtoa.

"Na mama yake je?" akauliza bibi mmoja mtu mzima. "Sisi tunakwenda na mtoto. Yeye kabaki kule nyuma, analala vipi?"

Hapo yakazuka mabishano. Wengine wakasema mama wa zama zile angesema nini mbele ya mume na deni. Bibi harusi wetu wa mwezi ujao akaja juu. Akataja Amina, aliyelelewa pamoja na Khalil kama dada yake, akaishia kuwa mke wa Aziz kwa sababu ya deni. "Mimi baba aliniita chumbani akaniuliza mara tatu," akasema. "Amina nani alimuuliza?"

Sisi ndugu wawili tuliinama. Tulikuwa tunamfikiria mtoto wa dukani kwetu.

Mwaka jana mteja mmoja wa shamba alitushonesha nguo za harusi ya binti yake: gauni, nguo za wasimamizi, madera ya ndugu. Akabakisha shilingi 420,000. Miezi ikapita, akaja na mtoto wa nduguye, msichana wa miaka 13. "Kaeni naye akusaidieni, na lile deni tutaliangalia." Tukaona kheri. Asubuhi skuli, kisha chuoni, jioni anatia shanga na kuchomoa nyuzi. Anakula tunachokula. Anatwita shangazi. Na kila mwisho wa mwezi tulikata 35,000 kwenye daftari.

Hilo la daftari ndilo linalotutia haya mpaka leo, wapenzi. Tulikuwa tunaandika, na huku tunajiona tunalea. Hata Aziz kitabuni ni mtu mpole, ananukia vizuri, wala hapandishi sauti.

Usiku ule tulilifuta deni lote, asubuhi tukampigia simu mama wa mtoto. Tukamwambia kama anamtaka mwanawe tutamleta, na kama anataka akae kujifunza ushoni, basi atakaa kwa radhi yake na atalipwa. Alinyamaza mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kwani sasa naruhusiwa?"

Miezi minane alikuwa anaamini hawezi kumfuata mpaka deni liishe. Na sisi hatukuwahi kumpigia.

Mtoto tulipomwambia akaweka sindano chini. "Nimekosa nini, shangazi?"

Tulimpeleka wenyewe kwa daladala. Mama yake alitoka mbio bila viatu. Akatupikia chai, na chai ile ilitushinda.

Ameshatwambia akitaka kurudi likizo atatupigia yeye. Kwa sasa, shanga za gauni la bibi harusi wetu tunazitia wenyewe, na bado mkono mmoja mzima.