Barua ya Kujieleza Haitibu Mfumo

Mwaka 1968 yalichapishwa nchini Marekani maandiko mawili kutoka fani mbili zilizoonekana kuwa mbalimbali. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta, alieleza kwamba taasisi inayobuni mfumo hutoa mfumo unaofanana na jinsi watu wake wanavyowasiliana. Idara zisizozungumza huzaa programu zisizozungumza. Lawrence Weed, daktari, alitaka jalada la mgonjwa lisipangwe kwa kufuata chanzo cha taarifa, yaani karatasi za maabara huku, za wauguzi kule na za daktari kwingine, bali lifuate matatizo ya mgonjwa mwenyewe. Kila tatizo lipewe namba, na kila kipimo na dawa vioneshe vinajibu tatizo lipi.

Nafundisha usanifu wa programu, na hoja hizi mbili huzisomesha pamoja, kwa kuwa kiini chake ni kimoja. Kugawa kazi katika moduli ni rahisi. Kazi ngumu ya msanifu ni kuamua moduli hizo zitapeanaje taarifa. Mara nyingi programu huangukia kwenye kiungo, mahali ambapo kila upande unaamini kwamba wa pili umeshatimiza wajibu wake.

Hospitali nayo ni mfumo wenye viungo vya namna hiyo. Niliwahi kumuuguza mjomba wangu katika hospitali moja ya rufaa. Alikuwa na kisukari, na kidonda cha mguuni kilihitaji kusafishwa katika chumba cha upasuaji. Amri ya kutokula ilitoka upande wa upasuaji. Amri ya insulini ilikuwa kwenye jalada tangu alipolazwa. Hakuna aliyezikutanisha. Asubuhi muuguzi alifuata jalada akamchoma sindano. Kisha akaingia mgonjwa wa dharura, ratiba ikasogezwa, jambo la haki kabisa. Lakini habari hiyo haikufika wodini. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji niliyokatazwa kuifungua. Kabla ya adhuhuri mjomba alilowa jasho, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Mwanafunzi wa uuguzi ndiye aliyewahi kumpima sukari, ikakutwa imeshuka mno. Wakamwekea glukosi kwa mshipa, akaturudia.

Wiki iliyofuata muuguzi wa zamu alipewa barua ya kujieleza.

Ndivyo tunavyozitibu taasisi zetu. Kiongozi hufika kwa ziara ya kushtukiza, kamera zikiwaka. Mtumishi mmoja husimamishwa kazi, umati ukashangilia. Atakayeketi kwenye kiti kile kesho yake hurithi pengo lilelile. Sisemi kwamba uzembe haupo, wala kwamba mzembe asiwajibishwe. Nasema kwamba dalili si ugonjwa, na daktari anayetuliza homa bila kutafuta chanzo chake hatumwiti hodari.

Mfano wa tiba tunao hapa nyumbani. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara. Orodha ile ina vipengele 19, na husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Miongoni mwa vipengele hivyo, kila aliyemo hujitambulisha kwa jina na kazi yake. Haikuhitaji mashine mpya. Ililazimisha taarifa zivuke kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Hata hivyo, mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa hospitali 101 za jimbo la Ontario, Kanada, zilizokuwa zimeanza kutumia orodha za namna hiyo. Humo vifo na madhara havikupungua kwa kiwango cha maana kitakwimu. Kwangu mimi, hilo ni onyo kwa kila ofisi inayoamini kwamba waraka ukishasambazwa, kazi imekwisha. Visanduku vinaweza kutiwa alama bila mtu kumgeukia mwenzake. Na sasa majalada yetu yanapohamia kwenye kompyuta, onyo la Conway linatuhusu: tukiziwekea programu idara zisizozungumza, tutakuwa tumeununua ukimya wao kwa fedha za umma.

Kwa hiyo, ndugu watumishi, kabla barua ya kujieleza haijapigwa muhuri, kamati ijibu maswali matatu. Taarifa gani ilipaswa kuvuka, kutoka kwa nani kwenda kwa nani? Ilipaswa kupita njia gani? Na isipofika, ni hatua gani iliyo salama kwa mgonjwa wakati inasubiriwa? Kwa mjomba, jibu la tatu lingekuwa jepesi: asichomwe insulini mgonjwa aliyekatazwa kula mpaka sukari ipimwe na daktari aulizwe. Kama utaratibu wa hospitali hauna majibu hayo, barua iandikwe kwa aliyeubuni.