Mama, Leo Mlima Unauona?

Watu wakisikia unasomea urubani wanakuuliza mambo mawili: kama unaogopa, na kama ada ni kubwa kweli. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu penseli. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hii, angalau kwa sisi wanafunzi, ni penseli, rula, protrakta na ramani iliyotandazwa mezani usiku wa kuamkia safari.

Wapenzi wa vitabu mtamkumbuka Antoine de Saint-Exupéry, yule rubani Mfaransa aliyetuachia kisa cha mwana mfalme mdogo. Kabla ya hapo aliandika *Terre des hommes*, kilichotoka mwaka 1939, na humo anasimulia alivyojiandaa kwa safari yake ya kwanza ya kupeleka barua Hispania. Alimwendea rafiki yake Guillaumet, aliyeijua njia. Guillaumet hakumfundisha jiografia ya darasani. Alimwonyesha michungwa mitatu karibu na mji wa Guadix. Alimtahadharisha juu ya kijito kilichojificha majanini, mahali ambapo mgeni angedhani ni uwanda mzuri wa kutua. Ramani ikajaa vitu ambavyo wachora ramani hawakuviona.

Nilipokisoma nilijiambia: haya, na mimi kwetu nina michungwa yangu.

Kwetu ni Haydom, Mbulu, Mkoa wa Manyara. Anayetufahamu anatufahamu kwa hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955, na kwa uwanja wa ndege wa udongo ulio jirani nayo. Tulikua tukisikia ndege ndogo zikija: kuleta daktari, kuchukua mgonjwa, kupeleka wauguzi na chanjo vijiji ambavyo mvua ikinyesha barabara zake hazipitiki. Watoto tulijua kuwa mlio ule ukisikika, mwenye mbuzi akimbilie mbuzi wake. Kwa hiyo mkufunzi wangu aliponiambia nichague safari ya mazoezi kutoka Arusha, sikufikiri mara mbili. Yeye angeketi kulia, lakini hesabu zingekuwa zangu, na uamuzi wa kwenda au kutokwenda ungeanza kwangu.

Nikachora mstari. Arusha hadi Haydom ni kama maili za baharini 108, yaani kilomita 200, kwa mwelekeo wa nyuzi 242, kusini-magharibi. Mstari unapita karibu na Minjingu, unakata ncha ya kusini ya Ziwa Manyara, halafu unakutana na ukuta wa Bonde la Ufa. Ziwa liko kama mita 960 juu ya bahari. Ukishavuka ukuta, nyanda za Mbulu zinapanda hadi zaidi ya mita 2,000. Mji wa Mbulu unabaki kulia, Dongobesh karibu chini ya tumbo la ndege, na kushoto kwa mbali, kama hali ya hewa ni nzuri, anasimama Hanang na mita zake 3,400 na kitu.

Urefu wa kuruka nao haujichagulii tu. Ukielekea magharibi unashika elfu shufwa na futi mia tano. Ukielekea mashariki, elfu witiri na mia tano, ili wanaopishana wasikutane uso kwa uso. Nikaandika 10,500 kwenda, 9,500 kurudi.

Hapo inaingia saa, na hapa Kiswahili kinanichekesha kila mara. Nilipanga kuondoka saa tatu asubuhi. Saa ya ukutani inasema tisa. Taarifa za hali ya hewa za marubani zinatumia saa ya dunia nzima, tunayoiita Zulu, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, na yenyewe inasema sita. Tatu, sita, tisa: wakati mmoja, majina matatu. Mama ukimwambia sita anaweka ugali jikoni.

Kisha upepo. Tuseme ndege yangu inakwenda maili 110 kwa saa katika hewa tulivu, na utabiri unasema huko juu upepo unatoka mashariki kabisa, nyuzi 090, kwa maili 20 kwa saa. Unachora pembetatu: mstari wa njia, mstari wa upepo, mstari wa ndege. Pembetatu ikikamilika inakuambia uelekeze pua nyuzi 237 badala ya 242, kwa sababu upepo unakusukuma kutoka kushoto, na kwamba kasi yako juu ya ardhi itakuwa maili 127. Dakika 51 umefika. Kurudi, upepo uleule unakuwa mbele yako: kasi inashuka hadi 92, na safari inachukua saa moja na dakika kumi.

Nilidhani kwenda kwa faida na kurudi kwa hasara kungelingana. Pigeni hesabu. Bila upepo, kwenda na kurudi ni dakika 118. Kwa upepo ni 121. Upepo haukurudishii sawasawa ulichokukopesha, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi katika hali mbaya kuliko ulivyokaa katika hali nzuri. Dakika tatu si kitu, mtasema. Lakini upepo ukizidi pengo linapanuka haraka, na mafuta ya kurudia unayapanga kwa namba ya kurudi. Kwa ndege inayokunywa lita 35 kwa saa, nilihitaji lita 71 za njiani, kisha za kuwasha na kupanda, kisha akiba ya dakika 45 ambayo unaomba usiiguse.

Namba iliyonikalia zaidi kichwani ilikuwa nyingine. Haydom iko kiasi cha mita 1,700, tuseme futi 5,600. Kwa urefu huo, hewa ya kawaida ingekuwa na nyuzijoto 4 tu. Mchana wa Julai inaweza kufika 24. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama kuuinua uwanja futi 120. Nyuzi 20 mara 120 ni futi 2,400, na ghafla uwanja wa Haydom unakuwa kama uko futi 8,000. Injini inapata hewa nyembamba, mabawa yanapata hewa nyembamba, na uwanja wa udongo haujarefuka hata hatua moja. Asubuhi yenye nyuzi 12, uwanja uleule ni kama futi 6,600. Ndiyo maana nilitaka kuwahi. Yaani jua la nyumbani, lile tulilokuwa tukiota nalo mgongo kwenye ukuta wa nyumba, nililiweka kwenye hesabu kama mzigo.

Basi kila kitu kikawa tayari, isipokuwa kimoja. Taarifa za kila saa nilizokuwa nazo zilitoka Arusha na Kilimanjaro. Utabiri ulisema mawingu ya chini asubuhi kwenye miinuko inayotazama mashariki, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mmojawapo. Mawingu ya chini ni mangapi, na chini ni wapi? Kwenye kitabu kuna kanuni: chukua joto la hewa, toa joto ambalo umande hutunga, zidisha tofauti kwa futi 400. Tofauti ya nyuzi 3 inakupa wingu futi 1,200 kutoka ardhini. Tofauti ikiwa sifuri, wingu limekaa shambani.

Kipimajoto sikuwa nacho kule. Nilikuwa na Mama.

Kutoka nyumbani kwetu hadi Mlima Hanang ni kama kilomita 50. Ukiuona mlima, kuona ni zaidi ya hapo. Kuna mkaratusi wa jirani. Toka mlangoni hadi pale ni hatua mia tatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikapiga simu.

Lazima niwaambie kwamba Mama alikuwa amewaambia watu. Kanisani wanajua, sokoni wanajua. Shangazi alikuwa amekuja tangu jana. Jogoo alikuwa ameshachinjwa. Nilisikia sauti za watu nyuma yake, na mtu akicheka.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mmeshapaa?"

"Bado. Mama, leo mlima unauona?"

Akanyamaza. Nilimsikia akitembea, mlango ukalia, sauti za ndani zikapungua. Alijua kwa nini nauliza; nilikuwa nimemweleza wiki nzima. Alijua pia jibu litafanya nini.

"Leo amejifunika," akasema. "Hata ule mkaratusi siuoni vizuri."

"Unaona shina?"

"Shina naliona. Kichwa hakipo."

Mwingine angesema litapanda tu, njooni. Mara nyingi hupanda kweli, kwenye saa nne au tano. Lakini saa tano jua linauinua uwanja, na kabla ya saa tano kuna ukuta wa mawe wa Bonde la Ufa ndani ya wingu. Nikamwambia mkufunzi. Akatazama karatasi yangu, akauliza chanzo cha taarifa ya Haydom. Nikamwambia. Hakucheka. Akaandika pembeni: *Haydom, mlima hauonekani, mti hatua 300 kilele ndani ya wingu.* Safari ikaahirishwa.

Nimeisoma habari ya Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama Serengeti kutoka angani na baba yake Bernhard, akafa tarehe 10 Januari 1959 baada ya ndege yake kugongana na tai. Tai hayumo kwenye pembetatu yoyote. Na Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe vilishuka kutoka Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tangu siku hiyo, kwetu, kuutazama mlima si mazoea tu. Mtu akiamka anautazama kwanza, ndipo anachota maji. Nilipomuuliza Mama, nilikuwa namuuliza mtu aliyekuwa tayari zamu.

Tulikwenda wiki tatu baadaye. Hanang alionekana tangu Minjingu, bluu, bila kofia. Nilipanga dakika 51, tukatumia 53; upepo ulikuwa mdogo kuliko utabiri. Mama alikuwa kando ya uwanja na Shangazi, wamevaa za Jumapili, na kijana mmoja anafukuza mbuzi.

Nilipozima injini nikamwonyesha karatasi. Akapitisha kidole kwenye namba, akafika pale mkufunzi alipoandika habari za mti, zilizohamishiwa kwenye karatasi mpya.

"Hii ni mimi?" akauliza.

"Ndiyo, ni wewe."

Akaikunja, akaitia kwenye kitenge. Ilibidi niombe kalamu, nikachora nyingine ya kurudia.