Namba 17

Mtaniwia radhi nikiwaletea habari ya nyumbani kwangu mwenyewe. Ni habari ya mbio na ya hesabu, na ndani yake mimi sikuwa mtu mwema.

Binti yangu yu katika shule ya sekondari, anakaa bweni. Mdogo wake, kidato cha kwanza, husoma hapo hapo lakini hutembea, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, kwa kuwa sikuweza kulipa bweni la wawili.

Mwaka jana mwalimu wao wa sayansi alimtaka kila mmoja atafute jambo la kuchunguza. Kazi iliyo bora ingepelekwa kuombewa nafasi katika mashindano ya Young Scientists Tanzania, yale yaliyoanzishwa mwaka 2011 kwa kufuata mfano wa Ireland. Labda hamjui, nami sikujua, kwamba huko Ireland mmoja wa waanzilishi wawili alikuwa padre Mkarmeli, Tom Burke, mtu wa fizikia. Maonyesho yao ya kwanza yalifanyika Dublin mwaka 1965, na kijana aliyeshinda alieleza jinsi tumbo la mtu linavyosaga chakula. Likumbukeni tumbo hilo.

Binti alichagua kupima nguvu za wenzake. Njia yenyewe haitaki mashine. Mganga wa jeshi la anga la Marekani, Kenneth Cooper, aliitangaza mwaka 1968: mtu akimbie dakika 12, kisha upime amefika wapi. Mwenye moyo na mapafu ya nguvu hufika mbali. Basi alipima kiwanja kwa kamba, akaazima saa ya mwalimu, akawaita wavulana 24, nusu wa bweni, nusu watembeao. Wasichana aliwapangia siku yao, maana alisema si haki kuwachanganya. Hakuandika majina, aliandika namba.

Alitazamia watembeao wangewashinda wa bweni, kwa kuwa miguu yao haipumziki. Na kweli, tisa walipita mita 2,300, na wa bweni wachache tu waliwafikia. Lakini watatu hawakufika hata 1,700. Mmoja alikaa chini akashika tumbo.

Jumamosi alikuja nyumbani na daftari lake, hana furaha. Akanieleza. Nami, baba mtu, nikasema, "Mwanangu, si uwafute hao watatu? Watakuharibia kazi."

Akasema, "Hapana, baba. Hao ndio nitakaowauliza Jumatatu."

Akawauliza. Wote watatu walikuwa wametoka kwao usiku bado, bila kutia kitu kinywani. Wale tisa karibu wote walikunywa uji. Juma lililofuata alinisomea daftari polepole, mstari kwa mstari, hata akafika: "Namba 17. Kidato cha kwanza. Mwendo wa saa moja na nusu. Hali kitu asubuhi."

Ndugu msomaji, kutoka kijiji chetu kidato cha kwanza ni mvulana mmoja tu. Binti hakuniambia neno. Aligeuza ukurasa akaendelea.

Unga ulikuwamo ndani. Mimi ndiye niliyemkataza mama yake kuamka kuwasha moto kwa ajili ya mtoto mmoja. Nilisema kuni ni kazi, na sisi zamani tulivumilia. Na jioni, mtoto alipolala juu ya madaftari yake, nilimwita mvivu, tena mbele ya wageni.

Kazi ya binti haikuchaguliwa; ilichaguliwa ya wavulana wawili waliochuja maji kwa mchanga na makaa, nayo ilikuwa nzuri. Lakini siku ya maonyesho niliona wazazi wakisimama mbele ya karatasi yake ukutani, wakirudi kuwatazama wale watatu, na baba mmoja akaondoka bila kuaga.

Mwezi uliofuata alimpima mdogo wake tena. Mita 2,150! Nilishangilia kama mjinga. Binti akaniambia nisiwe na haraka, mbio moja haithibitishi kitu, huenda siku ile kulikuwa na baridi tu. Atampima tena mara nyingi.

Na apime. Mimi huamka saa kumi alfajiri, nawasha moto. Mama yake namwacha alale.