Swali na Jibu Lake: Ubishi wa Imani na Ukanaji Mungu Uonwapo kutoka Karurumo

Msafiri atokaye mji wa Embu kuelekea Meru hupita Runyenjes, na si mbali na hapo lipo soko la Karurumo. Ni nchi ya kahawa na ya makanisa. Waanglikana walianzisha misheni yao Kigari mnamo 1910, miaka minne tu baada ya Waembu kushindwa na majeshi ya Waingereza, nao Wakatoliki wakakita Kyeni. Mtoto azaliwaye huku hupewa Ukristo pamoja na jina, na yule akuaye akaja kukiri kwamba hamwamini Mungu hulazimika kujieleza kwanza kwa mamaye, kabla ya kujieleza kwa wanafalsafa.

Ubishi wenyewe, popote uzukapo, una umbo linalojulikana. Mkristo hudai kwamba hakuna aonaye bila imani: hata mkanamungu ameanza kwa kuamini asiloweza kulithibitisha, yaani kwamba akili yake yategemeka na kwamba ulimwengu una utaratibu. Mkanamungu hujibu kwamba mwenziwe amevaa miwani ya rangi, ilhali yeye anatazama kwa macho matupu. Wote wawili hugombea cheo kimoja, cha mtazamaji asiyeegemea upande. Mhakiki wa fasihi hana budi kutabasamu hapa, kwani cheo hicho naye amekitafuta kwa miaka mingi, akidhani mara amekiona katika fani tupu, mara katika sheria za historia.

Katika Afrika Mashariki ubishi huu uliwahi kupata wapiganaji wanaolingana. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, alikuwa akifundisha Makerere alipotoa African Religions and Philosophy mwaka 1969. Mwaka uliofuata akatoa Concepts of God in Africa, kitabu kilichokusanya habari za Mungu kutoka kwa takriban makabila 300. Humo Waafrika wanaonekana wakimjua Mungu mmoja, muumba, ajuaye yote na awezaye yote. Mwaka huohuo wa 1970 Okot p'Bitek, mshairi wa Kiacholi aliyesomea anthropolojia Oxford na ambaye hakuwa muumini, alitoa African Religions in Western Scholarship. Shtaka lake lilikuwa kali: miungu ya Kiafrika imevishwa mavazi ya Kigiriki na wasomi Wakristo, kisha ikaletwa mbele ya Wazungu ili ikubalike.

Hoja ya Okot iliyo nzito kuliko zote imo katika kisa kimoja. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha ya wazee hao, asema Okot, haikuwa na neno la kuumba kutoka utupu. Swali likageuzwa likawa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakastaajabu, maana mtu huzaliwa na mama yake. Wamisionari waliposhikilia kwamba lazima wajibu, mzee mmoja akakumbuka kwamba yupo afinyangaye watu kwa namna fulani: Rubanga, pepo anayevunja uti wa mgongo na kumwacha mtu na kibiongo. Mapadri wakaliandika jina hilo, wakalihubiri kuwa ni la Baba wa mbinguni.

Kisa hiki kingepaswa kufundishwa katika kila darasa la uhakiki, kwa kuwa kinaonyesha mahali ambapo upendeleo hujificha. Mapadri hawakusema uongo, na wazee pia walijibu kwa haki. Kosa lilikuwa limekwisha kukaa ndani ya kitenzi kabla ya jibu kutamkwa. Na kwa upande huu Okot alimshinda Mbiti bila shaka, kwani Mbiti alitegemea mno maandishi ya watu waliouliza kama mapadri wale walivyouliza.

Lakini je, ushindi huo ulikuwa wa macho matupu? Okot naye aliwasemea wazee. Aliamua ni fikra zipi zilizo zao na zipi za kuazima, na kipimo alichotumia, kwamba cha asili ndicho cha kweli, hakikuanguka kutoka mbinguni wala hakikuchimbwa Gulu. Kutoamini kulimpa uwezo wa kusikia swali lililopotoka. Hakukumpa mahali pa kusimama nje ya maswali yote.

Turudi Runyenjes. Waembu husimulia kwamba Ngai alimuumba Mwenendega, akampa mke mzuri, Ciurunji, penye maporomoko ya Mbui Njeru. Mwenendega akabarikiwa mali, na uzao wake ukaijaza nchi. Mkristo wa Karurumo husikia humo Adamu na Hawa, akafurahi kwamba mababu hawakuwa gizani kabisa. Mkanamungu husikia ngano ya kuhalalisha umiliki wa ardhi, akafurahi kwamba amevumbua siri. Kila mmoja amesikia jambo ambalo kwa kweli limo. Linalosikitisha ni kwamba wote wawili hupita haraka penye maporomoko: kwa nini mke apatikane majini, wala asitoke ubavuni mwa mumewe? Hadithi inajua jambo kuhusu mwanamke ajaye kutoka mahali ambapo mume hapajui, na jambo hilo halimsaidii yeyote katika ubishi, basi huachwa.

Wala vyeo vya wabishani havilingani nje ya vitabu. Chama cha wakanamungu nchini Kenya kiliandikishwa mwaka 2016, na miezi michache baadaye uandikishaji huo ukasimamishwa kwa hoja ya amani ya umma, ingawa Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa dhamiri; ni Katiba hiyohiyo inayofungua dibaji yake kwa kukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini, kama asilimia 1.6 ya Wakenya. Mmoja wao akisimama sokoni Karurumo kudai kwamba hoja zipimwe bila upendeleo, dai lake si la falsafa pekee.

Limebaki jambo moja ambalo Okot hakulipa uzito wake. Waacholi Wakristo wa leo humwomba Lubanga bila kukumbuka kibiongo. Vizazi vimeliimba jina hilo harusini na makaburini hadi maana yake imehama, kama vile Ngai, aliyeitwa chini ya mikuyu, anavyoitwa sasa katika makanisa ya Karurumo kwa jina lilelile. Mkanamungu aweza kuonyesha kwa ushahidi neno lilikotoka. Bibi kizee anayelitamka alfajiri kabla ya kwenda kuchuma kahawa anajua linakomfikisha, na ushahidi huo hakuna bado aliyemwomba autoe.