Moyo Wenye Vyumba Viwili

Uongo una aina nyingi, wala hazilingani kwa uzito. Mchuuzi adanganyaye bei huondoka na senti zake, na habari hukoma hapo. Bali amdanganyaye mwenzi wake hana budi kuulinda uongo huo kila siku, na mlinzi huyo hatimaye hugeuka mfungwa.

Sisi tulioishi Tindiga, katika nchi tambarare ya Wilaya ya Kilosa, twaufahamu mfano ulio karibu. Tindiga ni neno la Kiswahili lenye maana ya kinamasi: juu majani mabichi, chini tope. Ndivyo ulivyo unyumba wa mwanamume mwenye mke kijijini na nyumba ndogo mjini Kilosa au Mikumi. Huku ni baba mpole, anunuaye madaftari ya watoto. Kule ni kapera asiye na jamaa. La kustaajabisha ni kwamba aghalabu hajioni kuwa mwongo. Ameugawa moyo wake vyumba viwili, akatia mlango katikati, na katika kila chumba husema kweli ya chumba hicho. Hujiambia kwamba ananyamaza ili asimwumize mtu. Kumbe anayemhurumia ni nafsi yake.

Tusichanganye mambo. Ndoa ya mitala si uongo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua, nayo hutaka kusudio la kuoa litolewe walau siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi aseme. Uovu umo katika kificho, maana anayefichwa hunyang'anywa uwezo wa kuamua juu ya maisha yake mwenyewe.

Kisha yupo mtoto. Kwa Wasagara na Wakaguru, wenyeji wa Kilosa, ukoo hufuata upande wa mama, hivyo mtoto wa nyumba ndogo hakosi wajomba. Lakini mjomba atamjibu nini aulizapo kwa nini baba huja usiku na kuondoka alfajiri? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humpa haki ya kuwajua wazazi wake na jamaa zao. Kificho cha baba humnyima.

Mara nyingi ukweli hungoja msiba. Hapo watani, ambao mila imewaruhusu kusema yasiyosemeka, huigiza mwendo wa marehemu na kutaja hata alikokuwa akilala. Watu hucheka, na wajane wawili hutazamana kwa mara ya kwanza. Lakini kweli ya siku hiyo imechelewa: aliyedanganywa hana tena wa kumwuliza, wala wa kumsamehe.

Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Basi vijana wanaokaribia kuoa na kuolewa wajizoeze mapema kusema kweli ndogo ndogo: "Fedha nimezitumia," "Nimechelewa kwa uzembe wangu." Ule mlango wa moyoni huanza kujengwa kwa jambo dogo lililofichwa, siku ambayo kulisema kungeleta aibu ya dakika moja tu.